Windows 10 imefika mwisho: kompyuta za steshenari nizitupe?

"Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Kazi zangu ni kuchapa, kutoa kopi na kuwajazia watu maombi ya kazi na ya vyeti mtandaoni. Nina kompyuta mbili za mezani, zote za mtumba, kizazi cha 4, nilizinunua mwaka 2019. Tangu mwezi wa kumi zinanitolea ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho. Fundi wa kwanza kaniambia zitazima zenyewe siku yoyote na mafaili yatapotea. Wa pili anataka shilingi 40,000 kwa kila moja anipigie Windows 11 ya kukraki, ila kasema lazima tuzime antivairasi kwanza. Kaka yangu aliyeko Dar anasema hayo yote ni janja ya kampuni, wao ndio wanatengeneza virusi ili tununue vipya. Mimi naona sina cha kuibiwa, hela zangu ziko kwenye simu. Naomba ushauri nisije nikaingia hasara."

Dada yangu, shusha pumzi kwanza. Kompyuta zako hazitajizima, na hakuna faili litakalofutika kwa sababu ya ujumbe huo. Nimelisoma swali lako mara mbili, nikaona kinachokukosesha usingizi si Windows yenyewe. Unaogopa kutoa mamia ya maelfu kununua mashine mpya kwa jambo usilolielewa, au kutoa 40,000 ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Hofu zote mbili zina msingi. Ya pili ndiyo ningeiogopa zaidi.

Kilichotokea ni hiki. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea viraka vya usalama vya bure. Basi. Mashine inawaka kama jana, Word inafunguka, printa inachapa, intaneti inaingia. Fundi wako wa kwanza kachanganya kufa na kuacha kliniki. Aliyeacha kliniki haanguki siku hiyohiyo, ila maradhi mapya yakiingia mtaani yeye hana chanjo.

Hapo kwenye maradhi mapya ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nivumilie kidogo. Windows imeandikwa na binadamu, na ina mistari mingi mno kiasi kwamba makosa hayakosekani. Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa. Sasa kiraka kina ubaya wake: kinaonyesha tundu lilipokuwa. Mhalifu huchukua kiraka cha Windows 11, akakilinganisha na programu ilivyokuwa mwezi uliopita, akaona palipobadilishwa, akajua pa kupiga. Na Windows 10 na 11 ni ndugu wa baba mmoja, mengi waliyonayo ni yaleyale. Kwa hiyo siku ambayo mmoja anazibwa, mwenzake anatangaziwa udhaifu wake. Hatari hiyo haiji kwa kishindo. Inakula taratibu, kama chumvi ya bahari inavyokula nondo za nyumba za Raskazone: mwaka wa kwanza rangi inababuka tu.

Wala si hadithi ya kutishana. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye sehemu ya Windows inayotumika kushirikiana mafaili na printa ndani ya mtandao mmoja. Mwezi uliofuata silaha ya kulipiga tundu hilo, iliyotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ikavujishwa hadharani. Tarehe 12 Mei kirusi kilichoitwa WannaCry kikaitumia kuingia kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili duniani, kikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Na kiraka kilikuwa kimeshatoka miezi miwili kabla, wengi hawakukiweka tu. Kirusi kile hakikusubiri mtu abofye chochote. Kompyuta moja ikishapata, inawagongea jirani zake wote kwenye mtandao. Wewe unazo mbili, na bila shaka zinashirikiana printa.

Sasa kaka yako. Kwamba kampuni ndiyo inayotengeneza virusi, hapana. Virusi vinatengenezwa na wezi, na wakati mwingine, kama ulivyoona, na serikali. Lakini kaka hajakosea yote. Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, inadai kompyuta iwe na kifaa kiitwacho TPM 2.0, na kama prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya Intel, iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zako za kizazi cha 4 zinarudishwa mlangoni hata kama zina nguvu ya kutosha kuchapa barua mpaka 2035. Microsoft inasema ni kwa ajili ya usalama, na kweli TPM ina kazi yake: ni kijisanduku ndani ya mashine kinachotunza funguo za siri, ili mtu akiiba diski asiweze kuisoma. Lakini ni kampuni hiyohiyo inayopata fedha ya leseni kila kompyuta mpya inapouzwa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Windows XP ilistaafishwa 2014 na Windows 7 ikafuata 2020, ila mashine ya Windows 7 ilikuwa inaruhusiwa kupanda kwenda Windows 10, hata kama ni kwa kujikongoja. Safari hii mashine nzima, isiyo na ubovu wowote, imeambiwa haipandi. Mimi silipendi jambo hilo na sioni sababu ya kulifunika.

Upo mwaka mmoja wa ziada, na hapa mafundi wengi hawawaambii wateja. Microsoft imeweka mpango wa viraka vya usalama kwa watumiaji binafsi wa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au hulipi kitu ila unakubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Watetezi wa walaji wa Ulaya walilibishia sharti hilo, na Septemba 2025 likalegezwa kwa nchi za huko. Huku kwetu limebaki palepale. Nitalirudia baadaye, maana lina maneno yake.

Turudi kwa fundi wa pili. Huyu ndiye aliyenifanya niandike kwa urefu.

Windows ya kukraki inafanyaje kazi? Kampuni yenye mamia ya kompyuta haiingizi namba ya leseni kwa moja moja. Inakuwa na seva yake ya ndani, na kila kompyuta inaiuliza: nina ruhusa? Seva ikiitikia, ruhusa inadumu siku 180, kisha inaombwa upya. Kraki nyingi zinapanda ndani ya kompyuta yako na kujifanya ndizo hiyo seva. Ili uongo huo ukubalike, kraki lazima ipewe mamlaka ya juu kabisa, ikae humo moja kwa moja, na ijiamshe kila inapohitajika kuurudia. Sasa jiulize mamlaka hayo umempa nani. Mtu usiyemjua, aliyeiweka mtandaoni bure, na hakuambii anakula wapi.

Antivairasi ikipiga kelele fundi anasema "hiyo kawaida, zima tu". Nusu ni kweli. Antivairasi hukataa kraki zote, hata isiyobeba mzigo mwingine. Tatizo ni kwamba ukishaizima, yenye mzigo nayo inapita, na si wewe wala fundi mwenye macho ya kuzitofautisha. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walionyesha kwamba kulikuwa na vifurushi bandia vya kraki moja maarufu vilivyobeba programu iitwayo Cryptbot. Kazi yake ni kukusanya pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye brauza na kuzipeleka kwa mwenyewe. Haizimi kompyuta, haiweki bango jekundu. Windows inasema imeidhinishwa, unamlipa fundi na unamshukuru.

Sisemi fundi wako ni mwizi. Mara nyingi ni kijana mwenye bidii ambaye flashi ile amepewa na mwenzake, naye kapewa na mwingine, na imeshapita kwenye mashine ambazo hawezi kuzihesabu. Ila likiharibika utampata wapi? Wengine ndio ile Tanga ya waja leo, waondoka leo.

Tena huenda kraki huihitaji kabisa. Kompyuta nyingi za mtumba zinatoka maofisini Ulaya na zinakuja na leseni yake halali. Fungua Settings, ingia Update & Security, kisha Activation. Ukikuta imeandikwa kwamba imeidhinishwa kwa leseni ya kidijitali, kuna uwezekano mkubwa una leseni yako halali, na toleo lilelile likipigwa upya kwenye mashine ileile linaitambua lenyewe. Watu wanalipia kukrakiwa kitu ambacho ni chao.

Na uliposema huna cha kuibiwa, samahani, nilicheka. Fungua folda ya Downloads ya kompyuta ya mbele uitazame. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye steshenari moja hapa mjini, mwenyewe akilalamika mashine imekuwa nzito. Ndani nilikuta vyeti vya kuzaliwa, CV, namba za NIDA, picha za pasipoti, barua ya talaka, na mtihani wa nusu muhula wa shule ambayo wanafunzi wake walikuwa hawajaufanya. Brauza ilikuwa imehifadhi pasiwedi za Ajira Portal za watu wengi mno, kila mmoja aliyejaziwa fomu pale. Na tukiwa tumekaa, pembeni ya kioo ukajitokeza ujumbe wa WhatsApp: "Ukirudi pitia nazi mbili." Mteja alikuwa ameunganisha WhatsApp yake ili achape hati, akaenda zake, na simu yake ikabaki inasomeka dukani kwa mtu. Mwenye duka hakuwa na nia mbaya hata chembe. Hakujua.

Kwa hiyo mwizi akiingia kwako hapati hela zako, anapata watu. Jina kamili, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, jina la mama: hivyo ndivyo anavyohitaji kumpigia mtu akijifanya afisa. Na kisheria nawe unaguswa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haikuandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Sikutishi kwamba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itakuja kukugongea kesho, nasema tu kwamba cheti cha mteja si mali ya duka.

Haya, ufanye nini? Njia zipo na hazilingani.

Kwanza ule mwaka wa ziada. Kompyuta iwe na Windows 10 toleo la 22H2, uingie kwa akaunti ya Microsoft, kisha kwenye ukurasa wa Windows Update ufuate kiungo cha kujiandikisha. Maneno yake ni haya: umewekwa kwa matumizi binafsi. Mpango wa biashara ni dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei inapanda maradufu kila mwaka. Duka lako ni biashara, amua ukilijua hilo. Usidanganyike pia na mtu atakayekwambia antivairasi inatosha. Ni kweli Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows, itaendelea kupewa taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, lakini askari wa getini hazibi tundu la ukutani.

Njia ya pili ni kuweka Windows 11 kwa kuruka kile kipimo cha mlangoni. Hii si kraki. Inawezekana kufanyika kwa leseni yako na Windows iliyopakuliwa kwa Microsoft wenyewe. Inafanya kazi kwenye kizazi cha 4. Ila Microsoft haikuhakikishii viraka kwenye mashine isiyokidhi vigezo, na kila toleo kubwa la mwaka utahitaji fundi wa kulisukuma kwa mkono. Kwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka utaichukia ndani ya wiki moja.

Ya tatu ni kuachana na Windows. Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ni ya bure, ina viraka vya bure, na inakimbia vizuri kwenye mashine kama zako. Inakuja na LibreOffice, programu za ofisi zinazoshika nafasi ya Word na wenzake. Na hii si dunia ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na LibreOffice ni wa ukoo uleule. Lakini niwe mkweli kwa kazi yako. Mtihani wenye majedwali uliotengenezwa kwenye Word unaweza kuhama mistari ukiufungua huko, na mwalimu atakulaumu wewe. Baadhi ya printa ndogo za leza zinasumbua kuunganishwa. Na kama kadi zako za harusi unazitengeneza kwa Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, hutaipata. Ingawa hata kwenye Windows Publisher inasitishwa Oktoba 2026, kwa hiyo anza kuzihamisha kadi hizo vyovyote iwavyo.

Ya nne ni kununua mtumba mwingine, safari hii kizazi cha 8 au zaidi. Maofisi ya nje yanaziuza sasa, maana nazo zimeshatimiza miaka yao.

Ingekuwa steshenari yangu, nisingebadilisha zote mbili. Ningebadilisha ya mbele tu, ile inayoingia mtandaoni na kujaza maombi ya watu, nikatafuta kizazi cha 8 yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM ya GB 8. Nikiwa najichanga, ningeiwekea hiyo ya sasa viraka vya mwaka wa ziada. Ile ya nyuma ningeichomoa mtandaoni kabisa, waya utoke na Wi-Fi izimwe, iwe ya kuchapa na kutoa kopi na Windows 10 yake hiyohiyo, printa ikiwa imechomekwa kwake kwa kebo. Mashine isiyo na mtandao haigongewi mlango na mtu wa mbali.

Itabaki hatari moja, flashi za wateja, na hiyo unaijua. Mwalimu analeta flashi, unaifungua, ndani unakuta kitu kimoja tu chenye jina la flashi na kimshale kidogo kwenye kona. Ukikibofya, mafaili yanafunguka kama kawaida, ndiyo maana hushtuki. Kumbe kabla ya kuyafungua kimeendesha hati yake ndogo, ikajinakili kwenye kompyuta yako, na kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa inaambukizwa. Mafaili ya mwalimu hayajapotea, yamefichwa tu. Usikubali kumfomatia flashi mtu kwa sababu hiyo. Amri ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa inayarudisha. Washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa kwenye mashine zote mbili, zima kujifungua kwa flashi, na uwe unaiskani kabla ya kuigusa. Kimshale usikibofye. Bora zaidi mteja akutumie hati kwenye barua pepe ya duka.

Kwa wanaojaziwa fomu, tumia dirisha la mgeni la Chrome. Bofya ile picha ya duara kona ya juu kulia, chagua Guest. Ukilifunga, pasiwedi na historia vinaondoka. Mafaili yaliyopakuliwa hayaondoki, hayo yabaki kazi yako: kila jioni kabla ya kufunga duka safisha Downloads na kapu la taka. Mteja aliyeunganisha WhatsApp mwambie aitenganishe mbele yako, kwenye simu yake, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa.

Kuna nyakati ushauri wa maandishi hautoshi. Ukikuta mafaili yamebadilika majina ya mwisho na kuna ujumbe wa kudai fedha, chomoa mtandao mara moja kwenye mashine zote, usilipe, na usikubali mtu apige Windows upya kwa haraka, maana anafuta njia ya kuokoa na ushahidi pia. Katoe taarifa polisi. TZ-CERT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA, nao hupokea taarifa za mashambulizi ya namna hii. Ukisikia diski inagonga, tik tik tik, izime usiiwashe tena mpaka ifike kwa fundi wa kuokoa data. Na kama yule fundi wa pili alishapita na kraki yake kabla hujaniandikia, badilisha pasiwedi zako zote leo, ukitumia simu. Si kompyuta hiyo.

Kabla fundi yeyote hajagusa kitu, nakili folda ya mitihani na ya wateja wa kudumu kwenye diski ya nje. Fungua mafaili mawili matatu kwenye mashine nyingine uone kweli yanafunguka, kisha uichomoe diski uende nayo nyumbani. Mafaili ya wateja waliopita njia mara moja miaka mitatu iliyopita usiyanakili. Yafute.